Mkono wa Bi Wembe

Kazini wanamwita Bi Wembe. Mimi namwita dada, na nikimkasirikia simwiti kabisa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kukata ubongo wa kamba wa maji baridi, kitu kidogo kama punje ya mchele, kuwa vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya hadubini. Wanachotafuta ni seli zenye serotonini, kemikali ya kupitishia ujumbe, katika sehemu inayopokea harufu. Kila upande una moja kubwa. Ikitiwa dawa inang'aa kijani, na matawi yake yanaonekana yametambaa kotekote.

Mwezi uliopita seli ya kushoto ikaanza kukosekana. Matawi yapo, seli yenyewe haipo. Ubongo wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na tisa. Mkuu wa maabara akamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba labda mkono umeanza kutetemeka, na kwamba chumba cha kuoshea vyombo kina nafasi. Dada alirudi nyumbani, akakaa akiitazama mikono yake. Nilimsema mkuu wake vibaya sana, lakini moyoni niliogopa. Ukimwondolea dada yangu ule wembe, umemwondolea heshima yake yote.

Nikamlazimisha anieleze kazi yake hatua kwa hatua, hata kama sielewi. Alipofika kwenye alama, nikamsimamisha. Alama gani tena? Akasema mwezi huohuo mkuu aliagiza kila ubongo ukatwe ncha kidogo ubavuni, kushoto, ili pande zisichanganywe.

"Na ukikata kulia je?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Asubuhi akajaribu. Seli ya kulia ikapotea, ya kushoto ikang'aa. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiikata na kuitupa pamoja na ile ncha! Mkuu aliinama kwenye hadubini muda mrefu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mara kumi na tisa umeondoa seli ileile, ambayo hata huioni kwa macho. Mkono unaotetemeka ungeikosa walau mara moja."

Dada alinipigia simu kunisimulia, na katikati akawa analia na kucheka. Nikakaa chini palepale nilipokuwa, nikacheka naye. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumfariji, na nashukuru hayatatumika.