Kenchi za Wifi Yangu

Wifi yangu ana mdomo mzito na kichwa chepesi kwa hesabu. Kaka alipomleta nyumbani nilimnunia: mwanamke gani huyu anayeunguza sufuria kwa kutazama dari? Leo nampenda kuliko kaka mwenyewe, na kaka analijua hilo.

Tunafanya kazi ofisi moja, yeye mhandisi, mimi mchoraji wa ramani za majengo. Miaka yote hesabu alipiga yeye, saini akatia bosi. Safari hii bosi alimwambia, "Huu ukumbi wa shule ukikaa sawa, utausaini mwenyewe." Basi hata chakula akawa anakisahau mezani.

Akajenga kenchi za paa kwenye programu ya kompyuta, chuma kimoja kimoja, kutoka kiungo hadi kiungo. Uzito wa mabati akauweka juu ya viungo tu, kwa sababu chuma cha kenchi kinataka kuvutwa au kusukumwa. Ukikilemea katikati kinapinda. Kompyuta ikakubali, vyuma vyote vikawa kijani. Bosi akaridhika, na mteja akawa njiani.

Ndipo wifi akainamia mchoro wangu. Mabati yaliyopatikana yalikuwa mafupi, kwa hiyo nilikuwa nimesogeza vyuma vinavyoyabeba. Nilimwambia siku ile ile, akaitikia "haya" macho yakiwa kwenye skrini. Sasa uzito ungeangukia katikati, si kwenye viungo.

"Wifi, nyamaza," nikamnong'oneza. "Saini kwanza, tutarekebisha kesho."

"Kesho ya nani?" Akanyanyuka, akaenda kukiri kosa lake kwa bosi.

Nilitamani kumvuta sketi. Mteja akasubirishwa, bosi akakunja uso. Wifi akahamisha uzito kwenye programu, na vyuma vya juu vikageuka vyekundu mstari mzima. Hakubabaika. Akapanga upya vyuma vya ndani mpaka kila palipolemewa pakawa na kiungo, na kijani kikarudi.

Bosi akamtazama. "Na ungenyamaza, nani angejua?"

"Paa lingejua, bosi."

Jamani, mimi ndiye ndugu wa mume, lakini nilivimba kichwa utadhani nimemzaa.  Bosi akachukua kalamu, akalikata jina lake chini ya mchoro, kisha akanigeukia.

"Mchoraji, andika la wifi yako. Herufi kubwa."