Mama Bendera na Shairi la Makaburini

Mtaani walimwita Mama Bendera, na jina likamkaa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa kwenye karakana ya serikali, amekaa dirishani, anaunga rangi kwa rangi kwa cherehani ya miguu. Ukiiona bendera inapepea juu ya ofisi, ujue kuna mwanamke mahali anaumwa mgongo kwa ajili yake. Upande wa mlingoti alishona pindo pana la kupitishia kamba, akarudia mshono mara kadhaa, maana upepo hauna adabu.

Tena alikuwa mtunzi. Jamani, mama yule alijua kutunga! Miguu inakanyaga cherehani, midomo inahesabu mizani. Shairi lake la bendera lilisomwa redioni, likaingia shuleni, watoto wakaliimba njiani. Hata asiyejua beti zake alikijua kibwagizo:

Bendera ikipepea, nani atabaki nyuma?

Vita vilipozuka mpakani, kifungua mimba wake hakubaki nyuma. Alijiandikisha jeshini huku akikiimba kibwagizo cha mama yake, na mama, tusifichane, alivimba kichwa. Mwenzake wa cherehani ya jirani alimuuliza, "Wewe huogopi?" Akajibu, "Niogope nini? Mwanangu kaenda kwa heri." Vita vyenyewe vilikuwa vya nini, watu hawakuuliza. Aliyeuliza aliambiwa haipendi nchi, basi, yakaishia hapo.

Kisha msimamizi akaleta kazi mpya. Bendera kubwa kuliko za kawaida, na zisiwe na pindo la kamba.

"Za kutundika wapi hizi?" mwenzake aliuliza. Msimamizi akatazama viatu vyake.

Mama Bendera hakuhitaji kuambiwa. Bendera isiyo na kamba haipandishwi, inatandazwa. Redio bado inatangaza ushindi, na wao pale wanashona za kufunika majeneza. Alishona kutwa roho juu juu, akijiambia si wa kwangu, si wa kwangu.

Alikuwa wa kwake.

Na msidhani jeneza ndilo lililommaliza. Msibani, wageni wangali sebuleni, kitindamimba wake alisimama akasema, "Mama, tukishamzika kaka, na mimi nakwenda kujiandikisha. Nani atabaki nyuma?" Alisema kifua mbele, macho mekundu kwa kulia, na wageni wakampigia makofi. Makofi, msibani!

Mama akaduwaa. Hakumjibu siku ile wala siku iliyofuata. Hapo ndipo alipokosea, ila uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu ukishika, akili huenda wapi? Yeye jambo zito alijua kulisema kwa njia moja tu, nayo ni kulitunga. Wakubwa wa serikali walikuwa wameshamwomba asome lile shairi lake makaburini. Akawaambia atasoma. Alijipa moyo kwamba kama shairi lilimtoa mmoja nyumbani, shairi jingine litambakisha huyu aliyesalia.

Makaburini palijaa watu hadi barabarani. Mkubwa mmoja alihutubia mpaka jua likawachoma visogo. Mama Bendera alipopewa kipaza sauti alimtafuta mwanawe kwa macho, akamwona yuko mstari wa mbele, akaanza:

Niliuliza kwa shangwe, nani atabaki nyuma,
Leo ninalo jawabu, aliyebaki ni mama,
Nguo nimeshona mimi, haikumpa uzima,
Kitambaa hakilii, wala hakina huruma.

 Minong'ono ikaanza. "Kumbe msaliti huyu!" "Anaitukana bendera mbele ya marehemu!" Mkubwa akamnyang'anya kipaza sauti, akaanzisha kibwagizo cha zamani, na umati mzima ukaitikia kwa nguvu zote. Mwenzake wa karakana peke yake ndiye aliyemshika mkono akamtoa pale.

Nyumbani alimkuta kitindamimba anapanga nguo kwenye begi.

"Baba," alimwita, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "hebu keti tuzungumze."

"Tuzungumze nini tena, mama? Si umeshazungumza na dunia nzima?"

"Nilikuwa nazungumza na wewe."

"Na mimi?" Kijana akaacha kupanga. "Mbona hukuniambia humu ndani? Jana nilikuwa hapa. Juzi nilikuwa hapa." Akalitupa kitandani shati aliloshika. "Mama, nilikuwa naogopa. Nilisema yale mbele ya wageni, halafu nikaogopa. Nilikuwa nasubiri uniambie usiende, ningepata pa kushika. Ningesema mama kanikataza. Sasa wanasema kaka alikuwa mtoto wa msaliti. Nisipokwenda, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli."

Mama Bendera akaanguka magotini, akaishika mikanda ya begi kwa mikono yote miwili. "Usiende, baba. Nakuomba. Usiende, mwanangu, usiende." Maneno hayana vina wala mizani, na yalikuwa yale yale ambayo mtoto aliyasubiri tangu msibani.

Kijana alichuchumaa mbele yake, naye analia. Akamfuta mama machozi kwa kiganja. Kisha akavibandua vidole vyake kwenye mikanda, kimoja kimoja, taratibu, kwa adabu zote za mtoto aliyelelewa vizuri, akatoka.