Mbuzi wa Bi Zuwena

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la tano, leo nina mabucha manne, mawili Ibra, moja Sinaw na moja Nizwa, na wenye shahada zao ndio wanaoniandikia barua zangu. Nimedhulumiwa na wakubwa, nimedanganywa na watu wa dini, sikushtuka. Lakini nikisikia kisu kinakwaruza ukuta, kwaru, kwaru, natoka nje mpaka sauti ikome. Wafanyakazi wangu wanadhani nimechoka na harufu ya damu. Nyinyi nakwambieni kweli.

Tulikuwa tukikaa Samad, kijiji cha Waarabu, ukoo uliorudi kutoka Unguja, na jirani walipenda kutukumbusha. Walisema watu wa Unguja kula nyama wanajua, kuchinja hawajui. Sikukuu kubwa kila nyumba ilichinja uani kwake, nyama ikapakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye tanuri moja la mtaa, shimo la moto linalofukiwa mpaka kesho yake. Asiye na furushi lake mle shimoni hakuhesabiwa mtu. Nyumba ya shangazi yangu Bi Zuwena haikuwa na furushi tangu alipofiwa na mume.

Mwaka ule aliuza bangili yake, akapanda gari mpaka Sinaw, akarudi na beberu mwekundu wa riali thelathini na saba na nusu. Mwanawe Salum alikuwa na miaka kumi na tatu, sawa na mie. Mie nilikuwa yatima, nimelelewa na Ami Nasri, kaka yake shangazi. Ami akasema Salum ndiye atakayechinja, maana mwanamume wa nyumba ile ni yeye. Mie nikapewa kisu nikinoe.

Salum, ambaye hata kuku akichinjwa alilia! Na mie niliyemzidi nguvu nikae nimtazame! Nilikinoa kisu kwenye kinoo mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Halafu nikenda nyuma ya choo, nikayasugua makali yake kwenye ukuta wa mawe. Kwaru, kwaru. Nilitaka achekwe, basi.

Alisema bismillahi kwa sauti nzuri, nakumbuka. Akakata, hakikukata. Akarudia, kama mtu na mkate mkavu. Wanaume walioshika miguu wakaanza kucheka.

"Yaa Salum, unamchinja au unamkuna?"

Kwa kucheka wakaiachia miguu. Beberu akachopoka, akakimbia uani shingo nusu wazi, akaupiga ukuta, akaanguka. Alirusha mateke muda mrefu. Ami alipomfikia na kisu chengine, alikuwa amekwisha kufa.

"Mzoga huu," akasema Ami. Akapitisha kidole kwenye kisu cha Salum. "Na kisu umekipiga mfupani." Shangazi alikuwa mlangoni, ameushika mkono wake pale palipokuwa na bangili.

Yangeishia hapo, afadhali. Lakini Ami alipenda kufunza. "Mzoga hauliwi, lakini mtajifunzia. Mchune, Salum. Mpasue kama wa kuliwa. Na wewe," akaninyoshea kidole, "mshikie."

Tulikaa juani mpaka adhuhuri. Ngozi inapasuliwa kifundoni, kisha unatia ngumi baina ya ngozi na nyama, kisu unakiweka mbali. Nyongo inatolewa kwa vidole viwili. Kiungo cha paja hakivunjwi, kinatafutwa. Salum alitapika mara mbili, na kila mara Ami alimngoja.

"Umeshapumzika, bwana mchinjaji?"

Mie niliyashika yote. Mikono yangu ilifurahi, na utajiri wangu umeanzia pale, juu ya nyama isiyoliwa na mtu. Tulipokwisha kuipanga juu ya jamvi, Ami akamwamuru Salum aibebe mwenyewe akawatupie mbwa bondeni, na njia ya bondeni ilipita penye tanuri, watu wote wapo. Watoto wakamwita Msumeno. Jina lilimfuata mpaka akahamia Sur, na nyama hali tena.

Mwaka jana Bi Zuwena alikufa. Kwenye matanga nikamvuta Salum pembeni, nikamwambia habari ya kisu. Nilijiandaa kwa ngumi. Akamaliza kahawa yake kwanza.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mle chooni. Nilikusikia. Nilidhani unaninolea."

"Na mbona hukusema?"

"Nilimwambia mama. Akasema tunyamaze, Ami atamvunja yatima wa watu."

Miaka yote ile, kila Ijumaa, nilikula wali kwa Bi Zuwena, na kila Ijumaa alinipakulia mie kwanza. Nilidhani hajui. Nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa nimesitiriwa.

Nikamwambia Salum ataje anachotaka, hata duka zima namwandikia. Akatikisa kichwa.

"Bei ya mbuzi wa mama," akasema. "Usizidishe."

Nilitoa noti ya khamsini. Akaisukuma, akangoja nitafute chenji kwa waombolezaji, nyumba nzima inatazama, mpaka ikatimia kiganjani mwake: riali thelathini na saba na baisa mia tano.