Aliyeichoma Kompyuta Namba Tisa

Mimi si malaika. Muhula wa kwanza niligeuza picha za skrini zote za maabara ya kompyuta juu chini, na mwalimu wetu akafundisha dakika kumi nzima shingo imepinda kama kuku anayesikiliza redio. Hilo nilifanya, nikafyeka nyasi mpaka viganja vikatoka malengelenge, wala sikulalamika. Lakini kompyuta namba tisa sikuichoma, na hasira ya kusingiziwa bado ninayo.

Shule yetu iko nje kidogo ya Rangwe. Namba tisa ndiyo mashine kuukuu kuliko zote pale, tulipewa na wafadhili wa ng'ambo, na ndani yake ndimo ulimokuwa mradi wangu wa mtihani wa kidato cha nne: programu ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Miezi mitano ya kazi, na zilikuwa zimebaki siku nne tuwasilishe. Jumatatu asubuhi nikavua viatu mlangoni, nikaketi, nikabonyeza kitufe.

Paa! Moshi ukafuka kwa nyuma, na harufu kama ya samaki aliyesahauliwa jikoni.

"Umefanya nini?" mwalimu akafoka.

"Nimewasha tu, sir."

"Wenzako pia wamewasha. Mbona zao hazijalipuka?"

"Labda zao zimekunywa chai, sir."

Darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Mbele ya wote akaniita mharibifu. Nisikanyage maabara mpaka nikiri, na nije na mzazi. Kisha akachomoa pawa saplai, lile sanduku la bati linalopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta, akanisukumia mikononi. "Peleka kwa fundi, ukajionee ulichofanya."

Mama hushona sare za shule pale sokoni. Aliliangalia lile sanduku, akaniangalia mimi.

"Wuoda, mwanangu, mara hii ulitia nini? Maji?"

"Mama, sikutia chochote!"

"Hata ile ya skrini ulisema hivyo hivyo."

Ni kweli, nilisema hivyo. Ndiyo maana niliudhika maradufu. Hata hivyo alifunga cherehani yake, tukaenda Homa Bay kwa fundi mmoja anayetengeneza redio na televisheni nyuma ya soko. Akafungua skrubu nne, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Omera, ndugu yangu, njoo uone."

Fyuzi ilikuwa nyeusi tititi. Kando yake palikuwa na kidude cha bluu, bapa kama biskuti, kimepasuka katikati na kuacha masizi kwenye bodi.

"Hiki ni mlinzi," fundi akasema. "Umeme ukizidi, kinakufa chenyewe ili wakubwa wapone. Sasa swali: umeme ulizidi aje?" Akaligeuza sanduku. Mgongoni palikuwa na swichi ndogo nyekundu, imezama ndani ya bati, imeandikwa 115. "Hii ni ya nchi zenye umeme mdogo. Kwetu lazima isome 230. Nani aligusa?"

"Si mimi!"

"Sijasema ni wewe. Mbona unaruka kama dagaa omena kwa sufuria?"

Ijumaa nilikuwa nimeitumia mashine hiyo hadi kengele ya mwisho, ikiwa nzima. Wikendi ufunguo hukaa na mtu mmoja tu. Mama akauliza ni nani, nikamwambia ni mwalimu mwenyewe. Fundi akatoa fyuzi na kidude kingine kutoka mashine iliyokufa, akachomelea, akapima kwa mita, akairudisha swichi kwenye 230.

Alasiri tulikuwa mbele ya mwalimu. Mama alimsalimia kwa adabu zote, kisha akauliza polepole, "Mwalimu, Jumamosi ulikuwa huku?"

"Nilikuwa, mama. Nilisafisha maabara mwenyewe, wageni wa wilaya wanakuja. Na hawa watoto huacha umeme, ndiyo maana nimebandika pale ukutani: zima kila kitu chekundu. Mimi nilizima vyote. Kuna kimoja kilikuwa kigumu, kimejificha nyuma ya hiyo namba tisa, nikatumia ncha ya biro mpaka kikasogea!"

Alilisema kwa fahari. Nikamwonyesha ile swichi na maandishi yake. Fahari ikamtoka usoni taratibu.

"Basi," akasema, "tusikuze mambo."

"Mtoto wangu ulimwita mharibifu mbele ya nani?" mama akauliza.

"Mbele ya darasa."

"Basi twende kwa darasa."

Tukaenda. Mwalimu akaifunga ile pawa saplai mahali pake, akawasha. Mashine ikanguruma, na mradi wangu ukafunguka, wagonjwa wangu wote wa kubuni wakiwa hai. Mwalimu akakohoa. "Hitilafu imepatikana. Ilikuwa ya kiufundi."

Mama hakuondoka mlangoni.

"Na si kijana huyu," mwalimu akaongeza, macho yake kwenye dari.

"Sasa ni nani, sir?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Tuendelee na somo."

Nimewasilisha mradi, sina tena kesi. Lakini alipata nafasi ya kumtaja aliyefanya, mbele ya watu walewale, akanyamaza. Kwa hiyo namtaja mimi: ni mwalimu wetu wa kompyuta.