Mafuta Yaliyokataa Kuganda

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Merigi hakuna aliyeondoka kwenda mbali bila kupakwa mafuta ya kondoo. Bibi yangu, ambaye nilimwita Kogo kama watoto wote wa Wakipsigis wanavyowaita bibi zao, aliyatengeneza mwenyewe kutoka mkia wa kondoo, na aliyaamini karibu kama alivyoamini kanisa. Jumapili alijifunga kitambaa cheupe na kukaa benchi ya mbele. Mtu akisafiri Jumatatu, alimpaka paji la uso na viganja, akamwombea kwa jina la Yesu, na sikuwahi kuona mambo hayo mawili yakigombana ndani yake.

Yalikuwa pia mafuta ya ngozi tu, nisiwadanganye. Huku kwetu mwezi wa saba baridi humpasua mtu midomo na visigino, na hakuna mtoto aliyekubaliwa kwenda shule akiwa na miguu myeupe kama aliyetembea kwenye majivu. Lakini mafuta ya mtu anayeondoka yalikuwa na masharti yake. Kogo aliyakoroga akitaja jina la mwenyewe, kwa sauti ya chini, mpaka yatoke motoni. Akayamimina kwenye kibuyu kidogo na kukiweka dirishani palipoingia baridi. Asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, alikiinamisha. Mafuta yakiwa yameganda, mtu huyo atarudi na kukaa. Yakitiririka, huyo ni mtu wa kupita. Sijui kama imani hiyo ni ya Wakipsigis wote. Nimewauliza wazee wengine wakanicheka. Kwetu ilikuwa sheria.

Mama alikuwa mchuma chai kwenye shamba kubwa upande wa Kericho. Baba simjui na sitamzungumzia. Mama alikuja mwisho wa mwezi, akalala nasi kitanda kimoja, mimi katikati, kisha akarudi kazini. Hakuna jambo nililotaka duniani kuliko siku moja aje asirudi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikikitazama kile kibuyu tu, na kila mara mafuta yaliganda, nami nikatulia.

Mwaka ninaoukumbuka, jirani alichinja kondoo na Kogo akaomba mkia. Tuliukata vipande vidogo, tukavitia kwenye sufuria bila maji, moto mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni, na kazi niliyojipa ilikuwa kula vile vipande vilivyokaangika na kubaki vikavu. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akijikwaruza gamu ya chai, ule utomvu mweusi wa majani, kwenye vidole, alinitazama.

"Chebet, endelea tu hivyo," alisema. "Krismasi watachinja wewe."

Mafuta yalipoyeyuka yote, Kogo aliyachuja kwa kitambaa na kutia majani makavu ya leleshwa aliyoletewa kutoka upande wa Narok. Harufu yake ilijaa jikoni, kali na tamu, na hadi leo nikiinusa mahali popote huwa nageuka kutazama mlangoni. Kogo alianza kukoroga. "Rael," alisema. "Rael. Rael." Hilo ndilo jina la mama yangu.

Ndipo ndama akakata kamba, na Kogo akatoka kumkimbiza.

Mama aliinuka bila haraka, akatoa chupa ya mafuta ya kupikia kwenye rafu, yale ya majimaji ya dukani, akamimina ndani ya sufuria mengi tu. Alinionyesha viganja. Nilikuwa nimevishika mara nyingi lakini sijui kama niliwahi kuvitazama. Vilikuwa vimechanika kwenye mikunjo yote, na ndani ya michaniko kulikuwa na weusi wa gamu ya chai usiotoka kwa sabuni.

"Hii ya Kogo ni ngumu," aliniambia. "Mpaka uisugue ndiyo iyeyuke. Na mimi nikisugua hapa, nasikia uchungu mpaka kwa meno."

Hakuninong'oneza wala hakuniambia nisiseme. Kwake ilikuwa mafuta.

Asubuhi Kogo aliinamisha kibuyu, na mafuta yakamtiririkia hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikaa kwenye kigoda. Mama alikuwa akifunga begi lake.

"Mama, ni mimi niliongeza ya chupa," alimwambia Kogo. "Usianze."

"Nani alikuambia uongeze?"

"Mikono yangu."

Kogo alikuwa akizungumza Kipsigis, kama siku zote, nami nayaweka maneno yake kwa Kiswahili nikijua yanapoteza uzito njiani. "Miaka yote hukuongeza," alisema. "Umeongeza leo. Mimi nilikoroga na jina lako, na jina halikushika. Usiende, Rael."

"Nisipoenda tutakula nini? Kibuyu?"

"Ukienda, hutakaa tena nyumba hii."

Mama alicheka, lakini kicheko kifupi. Kogo alikataa kumpaka. Alisema hawezi kumtuma mtu kwa mafuta yaliyomkataa. Kwa hiyo Mama alijipaka mwenyewe, viganja vyote viwili, polepole, akifumba macho, na naweza kuapa kwamba uso wake ulipumzika. Kilichobaki mikononi alinipaka mashavuni. Mafuta yalinitiririkia shingoni mpaka kwenye kola ya sweta ya shule. Akasema tutaonana mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ulifika peke yake.

Tulisikia habari kwenye kituo cha maziwa, ambako habari zote hufika kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Rael ameacha chai. Rael yuko Londiani, ameolewa na mtu wa viazi. Kogo alisema ni uvumi, na mama mmoja mwenye mtungi akamjibu kwamba lisemwalo lipo. Kisha yule mtu wa viazi akatuma wazee, na uvumi ukawa na majina na shamba.

Kogo hakulia. Aliosha kibuyu, akakianika, akasema, "Tuliona." Mimi pia sikulia. Watu walinisifu kuwa nimekuwa mkubwa, lakini ukubwa haukuwepo. Mtu akichuma chai asubuhi yenye umande, vidole hufa ganzi, naye huendelea kuchuma kwa sababu vidole vinajua kazi. Niliishi hivyo. Nilikula, nilikwenda shule, nilipita mitihani. Nilipoambiwa kwamba nimepata ndugu wa kike huko Londiani, niliuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Mara moja tu nilijaribu kufanya jambo. Kogo alikuwa akitengeneza mafuta ya mjomba aliyepata kazi Mombasa. Alipotoka kuleta kuni nilishika mwiko, nikakoroga, nikasema, "Rael, Rael, Rael," nikaendelea mpaka nikasikia miguu yake. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, meupe na magumu kama sabuni ya mche. Nilikwenda kukaa kando ya barabara. Nilikaa hapo mpaka watoto wa shule wakapita kwenda na wakapita kurudi. Siku iliyofuata nilikaa tena.

Jioni Kogo alinikuta hapo. Aliketi kwenye majani kando yangu, na kwa mwanamke wa magoti yake hilo halikuwa jambo dogo.

"Ulitaja jina la nani?"

"La Mama."

"Twende tukale," alisema.

Mafuta yale hakumpaka mjomba. Aliyaweka juu ya kabati, na hakuna aliyeyagusa. Yakageuka manjano humo kibuyuni, yakaanza kunuka, nayo yalikuwa bado yameganda. Siku ile ya barabarani ndiyo siku niliyoacha kungoja. Sikukasirika. Kungoja kulikoma tu.

Kogo sasa hayupo. Mimi nina chai yangu kidogo hapa hapa, nina ng'ombe, na nina mikono ambayo kila mwaka baridi ikizidi naiona ikifanana na mikono niliyoonyeshwa jikoni siku ile. Mama alikuja kumzika Kogo, akakaa mahali wageni wanapokaa, akala, akaondoka. Tulisalimiana vizuri. Asiyekuwepo na lake halipo, wazee husema, nami niliona kwamba pale nyumbani hakuwa hata na kikombe chake.

Mwaka huu baridi ilipoanza, yule ndugu yangu wa Londiani alinipigia simu. Ni msichana mpole, anaongea kama anaomba ruhusa.

"Dada, Mum anauliza kama bado mnatengenezanga ile mafuta ya kondoo. Mikono yake imeharibika. Hiyo shida ya viazi na baridi."

"Ameshindwa kuniuliza yeye mwenyewe?"

"Anaogopa."

Nilitafuta ndani yangu kitu cha kuhisi kuhusu neno hilo. Sikukipata, nikasema nitatengeneza.

Niliagiza mkia kwa mchinjaji, nikaukata vipande vidogo, nikaviyeyusha kwenye jiko la gesi. Leleshwa ninayo siku zote. Nilichuja, nikaanza kukoroga, na nilipofika mahali pa jina, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea ya nyumba hii, nikaufunga. Niliweka mwiko chini. Nilichovya kidole kwenye mafuta ya mwaka jana yaliyoganda kwenye mkebe, nikajaribu kuyapaka penye michaniko ya kiganja changu. Nikasugua. Nilisikia uchungu mpaka kwenye meno.

Nilikuwa mtu mzima, nikiwa peke yangu jikoni, nikijua kwa mara ya kwanza kwamba Mama hakuwa akitoa kisingizio. Pengine alikuwa ameshaamua kuondoka siku ile, pengine hakuwa. Sijui, na Kogo alikwenda kaburini na jibu lake. Ninachojua ni kwamba tulikuwa wawili, Kogo na mimi, tuliotazama kibuyu mwezi baada ya mwezi kuona kama atakaa, na kati yetu hakuna aliyemwambia, lete mikono tuone.

Nilitoa chupa rafuni nikamimina. Mengi tu. Asubuhi niliinamisha mkebe mpya nilimoyatia, na mafuta yakatembea upande wa pili. Niliufunga vizuri, nikauzungushia karatasi ya nailoni, nikautuma kama mzigo kwenye gari la Kericho, nao ukaendelea mpaka Londiani.

Safari hii alipiga mwenyewe. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Yamefika," alisema.

"Sawa."

Nilimsikia akipumua. Nilisikia pia sauti nyingine, ndogo, nikaelewa baada ya muda kwamba ni viganja vyake, alikuwa akivisugua huku simu ikiwa imeshikwa na bega.

"Chebet," alisema. "Haya hayaumi."

Nilimwambia akitaka mengine aseme. Akasema atasema. Kisha hakuna aliyekata simu, tukakaa hivyo, mimi nikimsikiliza akijipaka.