Shavu la Shangazi

Shangazi yangu hufufua betri za drili, na mdomo wake ni mkali kama msasa. "Betri si ndoo!" huwafokea maseremala. "Unangoja ikauke kabisa ndiyo uijaze?"

Betri iliyokauka chaja huikataa. Basi yeye huiunganisha kwa nyaya na betri nzima, kidogo tu, ipate nguvu ya kuanzia. Zamani aliibandika shavuni, maana vidole vyake vimeota sugu kwa kuchomelea, havisikii joto. Ikipata uvuguvugu, alicheka: "Karudi, mjinga huyu!"

Asubuhi moja mumewe hakuamka. Daktari alikuja, akatikisa kichwa, akatupa pole. Majirani walipotaka kumfunika shuka, Shangazi aliwatimua: "Tokeni! Nyie mnajua nini?"

Nilibaki mlangoni. Alipanda kitandani, akamshika mikono yote miwili, kiganja kwa kiganja, akamwekea shavu usoni, akatulia hivyo muda mrefu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja kumsikia akicheka.

Siku hizi betri anazipima kwa mita. Shavuni haweki kitu.