Mgeni Aliyeomba Ufunguo wa Programu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwakala wa forodha pale Tunduma, meneja alinikabidhi kompyuta na lawama kwa pamoja. "Mama Tusekile, programu hii inasema lori limefika kabla halijaondoka. Madereva wanatucheka."

Tatizo lilikuwa tarehe. Wenzetu wa upande wa Zambia waliandika siku kwanza, programu ikasoma mwezi kwanza. Iliandikwa kwa Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta, na sehemu ya kusoma hati za mizigo ilitoka kwenye mradi huria, yaani kazi ambayo yeyote duniani anaruhusiwa kuitazama, kuitumia na kuirekebisha. Nilirekebisha, kisha nikapeleka sahihisho langu kwa wenye mradi.

Meneja alikunja uso. "Unawapa kazi yetu watu usiowajua?"

"Na sisi tunatumia yao, bosi."

"Ndiyo maana silali vizuri," akajibu.

Sahihisho lilipokelewa na msimamizi mkuu wa mradi, mwalimu wa nchi ya mbali ambaye sijapata kumwona kwa macho. Tuliandikiana kwa Kiingereza. Hapa maneno yake nayasema kwa lugha yetu. Miaka ilivyokwenda alinifanya mkaguzi: kila badiliko lisomwe nami kabla halijaingia.

Ndipo akatokea mgeni mmoja. Alitumia jina la ndege, picha hakuweka. Alirekebisha makosa madogo, akajibu maswali ya wanagenzi kwa upole, hakugombana na mtu. Wakati huo msimamizi mkuu alikuwa anamuuguza mama yake, amechoka. Akaniandikia, "Nataka kumpa huyu ufunguo." Ufunguo ni ruhusa ya kutoa toleo jipya, na toleo likishatoka, ofisi kama yetu zinalipakua bila kuuliza.

Mimi ni mtu wa mpakani. Pale Tunduma, anayekubebea mzigo kabla hujamwita, unamtazama mikono. Nikaomba nisome kwanza badiliko lake la mwisho.

Lilikuwa safi, ila kwenye orodha ya vifurushi, yaani programu ndogo za wengine ambazo yetu huzitegemea, jina moja lilikuwa na herufi mbili zilizopishana. Nikamuuliza.

"Samahani sana Mama, ni kuteleza kwa vidole," akajibu upesi. "Nimeshasahihisha."

Jibu halikuniridhisha. Alikuwa ametuhakikishia kwamba amelijaribu badiliko lile na limefanya kazi. Kama kifurushi cha jina lile lililokosewa hakipo, lingefanyaje kazi? Nikatafuta. Kifurushi kilikuwepo, kimepandishwa mtandaoni siku chache tu kabla. Nilikifungua kwa kukisoma, sikukiendesha. Ndani yake mlikuwa na amri ya kukusanya nywila zote za kompyuta na kuzipeleka kusikojulikana.

Nilimwandikia msimamizi mkuu. Alikasirika, lakini kwangu. "Mama, huyu amenisaidia nilipokuwa sina mtu. Huko kwenu mnamshuku kila mtu."

"Mshuku kifurushi, basi. Kisome mwenyewe."

Jibu lake lilikuja kesho yake mchana. Lilikuwa neno moja: "Nimesoma." Alimfungia mgeni mlango, na kabla hatujamuuliza lolote, lile jina la ndege lilikuwa limefutwa kila mahali. Hatukujua alikuwa mtu mmoja au kundi, wala alimlenga nani.

Nilimweleza meneja. Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, mama, wao wanakujua?"

"Wananijua kama nilivyomjua yule," nikasema. Hakucheka.

Sasa nimestaafu, niko Mbozi na shamba langu la kahawa. Vijana wanaojifunza kazi hii huja kuniuliza kama napumzika. Napumzika. Kifurushi kile hakinisumbui tena, kwa kuwa tulikiona. Kinachonisumbua ni masahihisho yake ya awali, ambayo yalikuwa mazuri kweli. Tuliyapitia upya mstari kwa mstari, msimamizi mkuu na mimi, tukakosa sababu ya kuyatoa. Yamo humo hadi leo, na malori yanavuka kwa kazi ya mkono wake. Kila toleo jipya likitoka, naacha kahawa juani, nakaa, nayasoma tena.